Mzee Vijiti na Safu ya Dakika

Baba yangu alihesabu magari. Ukimwambia mtu hivyo anasubiri umalizie, kwamba alihesabu magari ya bandarini, au ya kampuni fulani, au alikuwa na yadi. Hapana. Alikaa kando ya barabara kwenye kigoda cha kukunja, chini ya mwavuli wa ofisi ya barabara, akahesabu magari yaliyopita. Miaka ishirini na sita. Gari likipita, anachora kijiti kimoja kwenye fomu. Vikifika vinne, la tano analichorea mstari wa kukatisha, fungu limetimia, anaanza jingine. Ndiyo maana kazini walimwita Mzee Vijiti, na jina likamfuata mpaka nyumbani, mpaka kwa wakwe zake.

Kazi ile ilitaka macho makali, kibofu chenye subira, na mtu asiyejua kutia chumvi. Baba alikuwa navyo vyote vitatu, hasa hicho cha mwisho. Nimeiona kwa macho yangu fomu moja ya zamani, pembeni ameandika kwa mwandiko wake wa shule ya msingi: "Saa mbili na dakika kumi, chafya. Gari moja limenipita, huenda mawili." Wenzake walimcheka wiki nzima. Wenzake hao hao, mvua ikinyesha, walihamia mgahawani wakajaza vijiti kwa kukisia, chai mkononi.

Nyumbani alikuwa kero. Siku ya harusi yangu watu wanakumbuka gauni. Yeye anakumbuka wageni mia moja themanini na tatu, na kumi na mmoja waliorudi kupanga mstari wa chakula mara ya pili, akiwemo mjomba wangu mwenyewe. Alimtaja mbele ya watu. Mjomba alinuna mpaka mtoto wangu wa kwanza alipozaliwa.

Lakini mama ndiye aliyemchagua, na alimchagua kwa tabia hiyo hiyo. Alitusimulia mara nyingi, akiwa ameinamia cherehani yake, pini amezibana mdomoni. Wachumba walikuwa watatu. Wawili walimwahidi makubwa. Wa tatu alipoulizwa ana nini, akasema, "Nina kitanda, redio, na mashati matatu, moja lina tundu."

"Nikaolewa na lile tundu," mama angesema, na baba angetazama pembeni kwa aibu.

Mimi naendesha gari la mkate. Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi natoka na kreti za mkate kiwandani, pembezoni mwa mji, kupeleka madukani katikati. Kwa hiyo barabara naijua kwa upande wa pili, ule wa vijiti vyenyewe. Na kisa hiki ni cha barabara, basi nisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo tulipoumia.

Kutoka pembezoni kwenda mjini kuna barabara mbili. Zinaachana kwenye kituo cha mafuta, zinakutana tena mbele ya posta. Barabara ya Juu inaanza na daraja jembamba, magari yanabanana pale, halafu ukishavuka unapata lami pana inayozunguka kilima. Ni ndefu ile lami, lakini haina ugomvi na mtu: magari yawe machache, yawe mengi, ni dakika thelathini na tatu. Barabara ya Chini ni kinyume chake. Inaanza na lami pana ya kuzunguka bonde, dakika zile zile thelathini na tatu, halafu mwishoni inabanwa na mtaa wa maghala, ambako lori moja likishusha mzigo wote mnazima injini. Kwa hiyo kila dereva alichagua kubanwa mwanzo au kubanwa mwisho. Nusu tulipenda hivi, nusu wakapenda vile, hakuna aliyetupanga. Na kwa kuwa tulikuwa nusu kwa nusu, kwenye mbano ulikaa dakika kumi na tano tu. Kumi na tano na thelathini na tatu ni arobaini na nane. Kwa miaka sita daftari langu la mkate, lile ambalo wenye maduka wanaandika saa niliyofika na kutia sahihi, lilisema arobaini na nane, arobaini na nane, siku mbaya hamsini.

Katikati ya barabara hizo mbili, bondeni, palikuwa na mtaa wa nyumba za chini usiopitika kwa gari. Ndiko kwetu. Vyumba vitatu, sakafu nyekundu ambayo mama aliing'arisha kwa nta kila Jumamosi, na dirisha kubwa upande wa mbele ambalo baba alilipanua kwa mkono wake ili cherehani ipate mwanga. Wateja wa mama hawakubisha hodi mlangoni. Walisimama dirishani, wakaingiza suruali iliyopasuka, wakapiga soga, wakaondoka. Mtaa mzima ulimwita Mama Cherehani, na mambo ya mtaa yalikatiwa shauri pale dirishani, sijui kwa sababu alikuwa na busara au kwa sababu alikuwa na mkasi.

Siku moja ofisi ya barabara ilimtuma baba afanye hesabu kubwa. Mhandisi aliyekuwa mkuu wao, kijana mwenye miwani mizito ambaye wafanyakazi walimwita Miwani, alitaka kujua magari mangapi yanaingia mjini kwa kila barabara kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili na nusu asubuhi. Baba alikaa kwenye kigoda wiki tatu. Magari elfu nne na mia mbili kila asubuhi, nusu juu, nusu chini, tofauti ya vijiti ishirini. Kisha akapewa swali la kuwauliza madereva kwenye taa: pangekuwa na njia ya mkato kupitia bondeni, ungepita? Aliwauliza mia sita. Mia tano tisini na wawili walisema ndiyo. Mmoja wa wale wanane waliobaki alikuwa amelala.

Mimi pia niliulizwa. Baba alikuja dirishani mwa gari langu na ubao wake wa kuandikia, uso mkavu kama hanijui, akauliza, nikasema ndiyo. Nani angekataa?

Miwani akapiga hesabu yake. Anayetoka darajani asizunguke kilima. Ashuke bondeni dakika tatu, adake mtaa wa maghala, huyo yupo posta. Kumi na tano, tatu, kumi na tano. Thelathini na tatu badala ya arobaini na nane. Kila dereva anaokoa dakika kumi na tano. Mstari ukachorwa kwenye ramani, na baba, aliyeitwa kuthibitisha idadi za magari, ndiye aliyeuona ukipita katikati ya sebule yake.

Nilikuwepo jioni aliyokuja kumwambia mama. Hakuzunguka. Alikaa, akanywa maji, akasema njia itapita hapa, nyumba kumi na nne zitabomolewa, yetu ni ya tano. Watu watatakiwa kutia sahihi ya kukubali. Mama alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Watu wataokoa muda gani?" aliuliza.

"Dakika kumi na tano kila mmoja."

"Umehesabu wewe mwenyewe?"

"Nimehesabu mimi, kila gari."

Na kila gari alikuwa amelihesabu kweli. Dakika hakuwa amehesabu hata moja. Dakika zilitoka kwenye karatasi ya Miwani, naye alizipata kwa kujumlisha akiwa amekaa kwenye kiti. Mama aliulizia dakika, baba akajibu magari, na hakuna hata mmoja wetu watatu aliyeona kwamba swali lilikuwa limebaki pale pale mezani. Baba hakudanganya. Fomu ya ofisi ilikuwa na safu ya magari madogo, safu ya mabasi, safu ya malori, safu ya pikipiki. Safu ya dakika haikuwepo, na kwa miaka ishirini na sita kitu kisichokuwa kwenye fomu hakikuwa kazi yake. Mtu mwingine angejiuliza. Baba aliamini kwamba mwenye safu ya dakika yupo mahali fulani, kwenye kigoda chake, na yeye pia hatii chumvi.

Majirani walikuwa wameapa kutotia sahihi. Fundi viatu wa nyumba ya mwisho, mzee mwenye mguu mmoja mbovu, alisema watambeba yeye na kiti chake. Mama alifikiri siku nne. Siku ya tano akavaa gauni lake la kutokea, akaenda kwenye meza waliyoweka watu wa ofisi, akatia sahihi wa kwanza.

"Mume wangu hajawahi kunidanganya hata kwa kijiti kimoja," aliwaambia majirani. "Watu elfu nne kila asubuhi. Mimi ni nani nizuie watu elfu nne?"

Baada yake wakafuatana, wote kumi na watatu. Fundi viatu alikuwa wa mwisho. "Mama Cherehani akisema ndiyo, mimi nani?" alisema, akaweka kidole.

Fidia ililipwa. Sitaizungumzia, si hiyo inayonichoma. Siku tingatinga lilipoingia mama alisimama na mkoba wa nyuzi begani akatazama mpaka dirisha lilipoanguka. Hakulia. Alisema tu, "Basi, iwe imemsaidia mtu." Akageuka.

Baba na mama walipanga vyumba viwili pembezoni, mbele kidogo ya kituo cha mafuta, ghorofa ya pili. Dirishani kule hasimami mtu labda awe ndege. Majirani wa bondeni walitawanyika kila mmoja kwao, na wateja wakaenda nao. Mama, akiwa na miaka hamsini na nane, alitafuta nafasi kwa fundi nguo mmoja mjini, akaanza kupanda basi kila asubuhi, akakaa kwenye safu ya cherehani sita na wasichana wanaomwita bibi. Analipwa kwa kila nguo anayoshona. Akichelewa, kazi nzuri zimeshagawiwa, anabaki na zipu.

Njia Mpya ikafunguliwa. Nisiwe mnafiki: wiki ya kwanza nilifurahi. Wachache tulikuwa tumeshaijua, tukakata kushoto baada ya daraja, tukateremka bondeni kwenye lami nyeusi inayonukia, nikafika posta kwa dakika thelathini na sita. Nilimpigia mama simu kumwambia. Nilidhani nampelekea zawadi.

Wiki ya pili wengine wakasikia. Wa Barabara ya Chini wakaona upuuzi kuzunguka bonde wakati kuna njia fupi upande wa pili, wakahamia darajani. Wa kilimani wakashuka bondeni. Mwisho wa mwezi hakuna aliyekuwa anazunguka popote. Wote elfu nne na mia mbili tukapita darajani, na wote tukapita maghala. Tulikuwa tunabanwa mara moja, sasa tunabanwa mara mbili, na kila mbano, kwa kuwa sote tumo, umekuwa wa dakika ishirini na nane. Daftari la mkate likaandika hamsini na tisa. Nilidhani ni msimu. Likaendelea kuandika hamsini na tisa.

Ofisi ikamtuma baba akahesabu Njia Mpya. Magari elfu nne na kumi asubuhi moja! Miwani alimwagizia soda. Walibandika bango ukutani: njia inayopendwa kuliko zote mjini. Baba alikunywa ile soda, akaja kwangu jioni akaniuliza kama bado nayatunza madaftari ya miaka ya nyuma.

Aliyasoma usiku kucha na asubuhi akapanda gari langu, saa ya mkononi ameivua ameishika kiganjani.

"Sasa hapa, baada ya daraja," alisema. "Kwa nini usiende moja kwa moja ukazunguke kilima? Kilimani hakuna gari hata moja."

"Nikizunguka ni thelathini na tatu mpaka posta. Nikishuka bondeni ni tatu, na maghala ishirini na nane. Thelathini na moja. Dakika zangu mbili hizo, baba."

"Na nusu yenu mkizunguka kama zamani?"

"Nusu yetu nani? Niwapigie simu?"

Hakucheka. Kesho yake akanilazimisha, tukazunguka kilima peke yetu, upepo mwanana, lami tupu. Tukafika posta kwa dakika sitini na moja. Dereva wa maziwa aliyekuwa nyuma yangu darajani alishafika kabla yangu, akanipungia mkono wa kejeli. Baba aliandika sitini na moja, na siku iliyofuata nikarudi bondeni na wenzangu. Hiyo ndiyo sumu yake. Kila mmoja wetu alikuwa na akili timamu na kila mmoja alichagua njia iliyomfaa, na kwa akili zetu hizo timamu tuliibiana dakika kumi na moja kila asubuhi. Aliyekataa kuiba aliibiwa kumi na tatu.

Mwezi wa tano wa Njia Mpya, bomba kubwa la maji lilipasuka chini yake. Polisi wakaifunga siku tatu. Madereva tulitukana matusi yote tunayoyajua. Redio ikatangaza kwamba jiji litasimama. Halikusimama. Siku ya kwanza ilikuwa vurugu kidogo. Kufikia saa moja kasorobo watu walishajigawa, wengine juu, wengine chini, kama ng'ombe wanaokumbuka zizi. Daftari la mkate: arobaini na tisa, arobaini na nane, arobaini na nane. Siku ya nne bomba likatengenezwa, njia ikafunguliwa, watu wakapiga honi za shangwe, tukarudi kwenye hamsini na tisa.

Baba alichukua fomu tupu ya ofisi. Kwa rula na kalamu nyekundu akachora safu ya tano, juu yake akaandika "Dakika". Ilimchukua jioni mbili kuijaza. Nilimpeleka mimi ofisini, nimebeba madaftari ya mkate kwenye kreti.

Miwani alituketisha vizuri. Aliisoma ile karatasi mara mbili, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena. Alielewa. Nilimwona akielewa, na hilo ndilo lililonichefua, maana mjinga ningemsamehe.

"Mzee wangu," alisema, "kazi yako si kuhesabu magari?"

"Ndiyo."

"Na magari si yanapita?"

"Yanapita. Ila watu wanachelewa. Ikifungwa, wanawahi. Nimehesabu."

"Tukiifunga tutawaambia nini watu? Kwamba tumejenga barabara ili tuwacheleweshe? Nani atanielewa? Elfu nne wanaipita kila siku, wanaipenda."

"Hawaipendi," nilidakia. "Tunaipita tu."

Aliikunja fomu ya baba mara mbili, taratibu, kwa heshima kabisa, akamwegemea baba kama mtu anayemtakia mema. Labda alimtakia kweli.

"Na wewe, mzee, utawaambia nini majirani zako? Nyumba kumi na nne. Nasikia mama ndiye aliyetia sahihi wa kwanza. Acha waamini waliwasaidia watu. Si afadhali?"

Baba alifungua mdomo. Nilimsubiri. Mtu aliyeandika chafya yake kwenye fomu ya serikali, nilijua hatameza hili. Alifumba mdomo, akasimama, akaomba ruhusa ya kuondoka. Fomu ilibaki mezani. Tulipofika kituo cha mafuta akanigeukia.

"Mama yako asijue," alisema.

"Baba, anapanda basi hilo hilo kila siku."

"Anajua kuna foleni. Foleni ipo siku zote. Asijue mengine."

Ningekataa. Lakini nilimfikiria mama pale mezani na gauni lake la kutokea, kalamu mkononi, majirani kumi na watatu nyuma yake. Nikanyamaza, na ukinyamaza mara ya kwanza, ya pili ni rahisi.

Jumapili moja mchana, wiki kama tatu baadaye, nilienda kuwasalimia na mikate miwili. Mama alikuwa amekaa mbele ya cherehani yake ya zamani, ile ya bondeni, kifuniko chake cha mbao amekiweka mapajani. Alimimina chai. Alisema juzi kwenye kituo cha basi amekutana na fundi viatu.

"Amechoka yule mzee," alisema. "Anaishi kwa mwanawe, analala sebuleni. Hana pa kuweka kiti chake cha kazi. Akaniuliza, 'Mama Cherehani, walau watu wanafaidi?' Nikamwambia nitamuuliza anayehesabu."

Akamgeukia baba.

"Basi nakuuliza. Nyumba yangu imewaokolea watu dakika ngapi?"

Baba aliweka kikombe chini. Alimtazama mama usoni, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo.

"Kumi na tano," alisema.

"Umehesabu wewe mwenyewe?"

"Nimehesabu mimi."

Mama akanigeukia. "Na wewe dereva? Unasemaje?"

"Kumi na tano, mama," nilisema, na sauti yangu ilitoka vizuri tu, kama sauti ya mtu mwaminifu. Hilo sijawahi kujisamehe.

Aliitikia kwa kichwa kidogo, kama mtu anayepokea chenji. Kisha akakigeuza kifuniko cha cherehani kilichokuwa mapajani mwake. Ndani, kwenye mbao, kwa chaki ya fundi nguo, kulikuwa na vijiti. Mafungu ya tano tano, mistari ya kukatisha imenyooka, alijifunza kwa nani kama si kwake? Kila siku mstari wake. Tangu mwezi wa nne wa Njia Mpya alikuwa akitazama saa kwenye kituo cha mafuta na saa ya posta, akaja kuchora tofauti. Mistari mirefu, hamsini na tisa, hamsini na tisa, sitini. Halafu mistari mitatu mifupi, ameizungushia duara. Halafu mirefu tena.

"Siku hizi tatu niliwahi," alisema, kidole kwenye duara. "Nikapata magauni mawili mazuri ya kushona kila siku. Nikamuuliza kondakta, leo kuna nini? Akaniambia Njia Mpya imefungwa."

Aliondoa kidole kwenye duara, akamtazama baba.

"Nimeyajua haya mwezi mzima. Nikasema sitauliza, ataniambia. Yeye akijua ataniambia, hata iwe mbaya vipi, ndivyo alivyo. Nikasubiri kila jioni." Sauti yake haikupanda. Ingekuwa afadhali ingepanda. "Nyumba ningeimeza. Nilitia sahihi kwa mkono wangu, hakuna aliyenishika. Fundi viatu ningeenda kumpigia magoti. Lakini wewe?"

"Nilitaka usiumie," baba alisema.

"Walikuja wachumba watatu kwetu," mama alisema. "Wale wawili nao walitaka nisiumie."

Alichukua kitambaa chenye maji akaanza kufuta chaki, kuanzia juu, siku moja baada ya nyingine, mpaka mbao ikabaki na unyevu tu. Akakirudisha kifuniko juu ya cherehani. Akaniambia mkate wangu siku hizi una chumvi nyingi, nimwambie mwokaji.

Jumapili iliyofuata alienda kwa fundi viatu peke yake. Sijui alimwambia nini. Kisha akaenda kwa wale wengine, mmoja mmoja, nyumba kumi na mbili kwa basi. Mmoja alimfungia mlango.

Baba amestaafu. Bado wanaishi pamoja, wanakula pamoja, hawagombani. Ila mama hamuulizi tena kitu chenye idadi. Akitaka kujua ni saa ngapi, na baba amekaa hapo na saa yake mkononi, mama anainuka, anakwenda dirishani, anamuuliza mpangaji wa chini. Baba anamsikia. Anaitazama saa yake, anaijua dakika, na ananyamaza.

Mimi kesho baada tu ya saa kumi na mbili na nusu nitakuwa darajani. Kilimani hakutakuwa na gari hata moja. Nitakata kushoto na wenzangu, nishuke bondeni, tusimame pale tunaposimama kila siku, kati ya nguzo ya taa ya tisa na ya kumi. Hapo ndipo lilipokuwa dirisha la mama. Nasimama juu yake dakika nne, wakati mwingine tano, injini inanguruma, nikisubiri mtaa wa maghala ufunguke.